Amina ya Wifi

Alhamisi, 6 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Nimelibadilishia kazi, kwa sababu kuanzia leo nitakuwa na maneno mengi ambayo siwezi kuyasema mbele za watu, na fundi cherehani mwenye mdomo hakawii kukosa wateja.

Tumekutana watu kumi na watatu sebuleni kwa Mwalimu Ernesti, hapa hapa Kilole. Mwalimu amestaafu shule, lakini shule haijamtoka. Ana kengele, ana ratiba ameibandika ukutani, na ana fimbo ya kuionyeshea. Anataka tusome Biblia nzima masika haya, Mwanzo mpaka Ufunuo, sura kumi na tatu kwa siku. Siku nyingine kila mtu asome kwake. Kila Alhamisi saa kumi alasiri tukutane, tusome kwa sauti sura kumi na tatu za siku hiyo, kila mtu sura moja, halafu tujadili. Aliyekaa karibu na mlango ndiye anayeanza, na zamu inazunguka kuelekea kulia. Hakuna kurukwa wala kubadilishana.

Wengine wamejiunga kwa sababu ni Kwaresima. Mimi nimejiunga kwa sababu wifi yangu Serafina amejiunga.

Serafina ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Lukasi. Mashamba yetu yako Kwedizinga na yanapakana. Miaka minne sasa, tangu Lukasi afe, huyu mama anavuka mpaka na kulima upande wangu. Nimemshtaki. Kamati ya ardhi ya kijiji imesema itakuja kuona kwa macho masika yakiisha. Sitaki siku hiyo asimame na mistari ya Biblia nisiyoijua.

Ananizidi miaka tisa. Shikamoo yangu hajaisikia miaka minne, na leo pia hakuisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Kaini amemuua ndugu yake shambani. Abramu na Lutu wamegawana ardhi bila kamati. Tumeanza vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Vyura, chawa, nzi, majipu. Kila pigo nimemfikiria mtu mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Leo zilikuwa sura za hema la kukutania. Mbao, vitanzi, mapazia, mikono kadhaa urefu na mikono kadhaa upana. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo, mimi nilikuwa macho, maana yule aliyeshona joho la kuhani alijua kazi yake. Rosina, mwalimu wetu wa chekechea, alisinzia mpaka Mwalimu Ernesti akagonga kengele sikioni pake.

Zamu ya Serafina ilipofika nilijiandaa kufurahi. Aliishia darasa la nne huko kwao milimani, na anasoma kwa kidole, neno kwa neno. Sura moja ilimchukua muda ambao mimi ningeshona kola mbili. Alipofika kwenye majina ya mawe ya kifuani alisimama kabisa. Nilicheka kidogo, kwa sauti ya kusikika. Hakuniangalia. Alirudi mwanzo wa mstari, akausoma upya mpaka ukaisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda Kwedizinga kupanda. Nilishuka Segera, nikabadilisha gari, nikafika saa mbili asubuhi, na mvua ikafika saa mbili na nusu.

Serafina amekwisha panda, na kama kawaida yake amevuka. Mpaka wetu ni mstari wa mkonge, kila mtu wa Kwedizinga anaujua. Mzee Kibwana alipowauzia Lukasi na dada yake ardhi hii mwaka tisini na nane, aliupanda kwa mkono wake. Serafina anaupita hatua tatu nzima, kutoka juu kwenye njia hadi chini kwenye korongo. Mstari wake wa mwisho wa mahindi umesimama miguuni pa kaburi la Lukasi. Jembe likiteleza litagonga saruji.

Niandike hapa jambo lililonifanya nimchukie, ili siku nikizeeka nisije nikalisahau. Lukasi aliugua kitandani miaka miwili. Alisema tumzike Kwedizinga, pembeni ya mkonge, upande wetu. Tukamchimbia hapo. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado juu ya magogo, watu wanaimba, nilimwona Serafina anatoka kwenye korongo anahesabu hatua. Moja, mbili, tatu, midomo ikichezacheza. Akafika kwenye shimo la kaburi, akasimama, akalitazama, akarudi kwa wanawake wenzake akakaa kimya. Mume wangu hajafukiwa, dada yake anapima shamba! Msimu uliofuata akavuka mkonge.

Ninachokitaka ni kidogo. Kamati imrudishe nyuma ya mkonge, nami nizungushie kaburi uzio, niwe na amani na mume wangu.

Jumanne, 18 Machi

Mungu ni mwema. Nimeangalia mbele kwenye ratiba. Alhamisi hii ni Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na saba mpaka ya ishirini na tisa. Sura ya ishirini na saba ni ile ya laana. Msomaji anataja laana mojamoja, watu wote wanaitikia amina. Mojawapo inamwangukia anayeondoa mpaka wa jirani yake.

Sura ya ishirini na saba ni ya kumi na moja kwa siku hiyo. Kwa hiyo itasomwa na atakayekaa kiti cha kumi na moja kutoka mlangoni. Nimehesabu mara tatu, kwa chaki juu ya meza ya kukatia.

Alhamisi, 20 Machi

Nilifika kwa Mwalimu saa tisa, nikasema nimekuja kusaidia kupanga viti. Kiti cha kumi na moja nilikiwekea mto mzuri, maana Serafina ana mgongo na hawezi kuuacha mto. Mimi nikachukua cha kumi na mbili, jirani naye, nimwone uso vizuri akijilaani kwa kinywa chake mwenyewe.

Alikuja, akauona mto, akakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunapaza sauti. Mwalimu alisubiri dakika kumi, akagonga kengele, tukaanza. Sura ya kumi na tisa tu, ya tatu kwa kusomwa, tayari ikagusa mpaka wa jirani, nikakohoa kumwamsha. Akaniuliza kwa upole kama nina mafua.

Nilikuwa nimejisahau. Rosina alikwama na mvua, hakuja, na kiti chake cha saba kilikuwa kitupu. Mwalimu alikipita kama hakipo. Nilipokuja kugutuka, Serafina alikuwa anasoma kwa kidole sura ya ishirini na sita, habari za kapu la malimbuko, na baada yake nilikuwa mimi.

Nikasimama. Ningefanyaje? Hakuna kubadilishana. Nikazisoma laana zote kwa sauti yangu, na watu wote, Serafina akiwemo, wakaitikia amina kila moja. Nilipofika kwenye ya mpaka nilimgeukia, nikaisoma nikiwa nimemkazia macho.

Aliitikia kuliko wote. Wenzake walisema amina ya mazoea, yeye aliisema kama mtu anayetia sahihi. Akanitazama usoni, tena bila hasira. Nimekutana na wezi wa vitambaa, nimekutana na wanaokataa mikono ya nguo waliyoipima wenyewe, lakini mtu mwenye uso mkavu kiasi hicho sijapata kumwona.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeshona suruali moja miguu miwili ya kushoto. Ni yeye.

Jumapili, 30 Machi

Leo tumefika kwa Nabothi, aliyeuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu. Lilikuwa shamba la urithi, akakataa kumpa mfalme, na mke wa mfalme akapanga mashahidi wa uongo. Nabii akasema mbwa watamla yule mwanamke. Nimeisoma mara mbili na chai.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekwenda kwa Mzee Kibwana na kitenge kwa ajili ya Husna, binti yake. Husna amenipakulia pilau sahani mbili. Mzee anafika miaka themanini na kitu, macho yameingia ukungu, lakini ulimi uko vile vile. Aliponiona tu akamwambia Husna afiche kuku, Wasambaa wameshuka mlimani na njaa zao. Nikamwambia Mzigua hana kuku, ana manyoya tu. Tukacheka, maana ndio utani wetu.

Kisha nikamweleza shida yangu. Nikamwomba siku ya kamati aje aseme kwamba mpaka ni mkonge, maana ndiye aliyeupanda. Akatafuna nyama kwa muda mrefu. Akasema siku ya kuchimba nimwite, atakuja. Nikamwambia hakuna anayechimba, Mzee, ni kuangalia tu. Akasema, "Basi wakija kuangalia tu msiniite."

Nadhani umri unamchanganya. Hata hivyo nitamleta.

Ijumaa, 11 Aprili

Ayubu naye anawataja wanaosogeza mipaka. Hii ni mara ya tatu. Nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 19 Aprili

Palizi. Udongo umeshiba maji, jembe linazama lenyewe. Vitoto vya mkonge vimechipuka kila upande wa mstari kama kila masika, na mikonge mitatu mikubwa imekwisha toa milingoti ya maua, sasa inakufa. Vitoto vya upande wangu nimeng'oa vyote, kama kila mwaka. Vya upande wake nimeviacha. Mimi si mtu wa kugusa cha mwenzangu.

Kaburi la Lukasi nimelikuta limepaliliwa, safi, hata yale majani yanayoota kwenye ufa wa saruji yametolewa. Mungu ambariki Husna, namfahamu kwa usafi. Upande wa Serafina mahindi yamefika magotini, na miguuni pa kaburi ameacha nafasi ya upana wa jembe. Anadhani nitamshukuru kwa hiyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Tulifika watano. Tulisoma zile sura kumi na tatu hivyo hivyo, nikapata tatu mimi peke yangu. Serafina alifika amelowa mpaka kilemba.

Jumamosi, 26 Aprili

Mithali imeutaja mpaka wa zamani jana, na leo imeurudia. Mara ya nne na ya tano. Kama Mungu hasemi na wifi yangu, basi sijui anasema na nani.

Alhamisi, 1 Mei

Leo nimeaibika, na lazima niandike maana nimejiahidi ukweli.

Kwenye majadiliano Mwalimu Ernesti aliuliza ni nani katika Muhubiri aliyeuokoa mji kwa hekima yake kisha watu wakamsahau. Akanielekezea fimbo. Sikujua. Ukweli ni kwamba tangu katikati ya Zaburi nimekuwa nikirukaruka. Nasoma mwanzo wa sura na mwisho wake, katikati natafuta neno mpaka. Nilibabaisha, nikataja Sulemani. Watu wakacheka.

Serafina akasema polepole kwamba ni maskini mmoja, na jina lake halikuandikwa. Mwalimu akamuuliza, kwa mshangao ambao hakuuficha, kama amezisoma sura zote. Akasema zote. Huamka alfajiri akasoma mpaka jua linapanda, kisha humalizia jioni, kwa sababu kidole chake hakina mbio.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kidole cha mtu.

Jumatatu, 12 Mei

Hosea. Wakuu wa Yuda wamekuwa kama wanaoondoa mpaka, na ghadhabu itamwagwa juu yao kama maji. Mara ya sita. Mistari yote sita nimeinakili kwenye karatasi moja.

Alhamisi, 15 Mei

Nimesema. Nimechoka kuweka moyoni.

Tulipomaliza kusoma, Mwalimu akauliza nani ana neno. Nikasimama na karatasi yangu. Nikasoma mahali pote sita, kitabu, sura na mstari. Nikasema humu ndani yupo mtu aliyeitikia amina kwenye laana yake mwenyewe, na kila Alhamisi anakaa nasi na kunywa chai ya Mwalimu, na anapanda mahindi miguuni pa kaburi la ndugu yake wa tumbo moja. Sikumtaja jina. Haikuwa na haja, wote waligeuka.

Chumba kikawaka moto. Rosina akasema mambo ya mashamba yasiletwe kwenye Neno. Wengine wakasema yaletwe wapi sasa, kama sio hapo. Mama mmoja wa upande wangu akamwambia Serafina ahame kiti. Mwalimu aligonga kengele mpaka mpini ukamtoka mkononi, hakuna aliyemsikia.

Serafina alisubiri kelele zishuke. Akafunga Biblia yake kwa utepe, akasema, "Twende tukachimbe, wifi. Mwite Mzee Kibwana."

Nikamuuliza tuchimbe nini. Akasema Mzee anajua. Ni neno lile lile alilolisema Mzee siku ya Idi. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote na karatasi mkononi. Nikasema twende. Tumepanga Jumamosi ya wiki ijayo, na Mwalimu Ernesti atakuja kama shahidi wa pande zote mbili.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeenda, nimesoma sura yangu, nimerudi. Hakuna aliyejadili kitu. Tulisoma Yesu akisulubiwa na watu wote walikuwa wananiangalia mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Tulifika Kwedizinga saa tatu. Mvua imekatika, jua kali, mahindi yametoa mbelewele. Husna alimshika baba yake mkono mpaka chini kwenye korongo. Kuna jiwe kubwa pale ambalo mimi hukalia nikila. Mzee akalipapasa, akaegemeza mgongo, akapiga hatua tano kuelekea juu akiwa amefumba macho, akachomeka fimbo ardhini. "Hapa," akasema.

Nikamwambia Mzee amepotea. Mkonge uko kule, na fimbo yake imesimama katikati ya shamba langu, kwenye mahindi yangu. Akasema, "Chimba, Msambaa. Ukikosa, nitakupa kuku."

Mwalimu Ernesti akachimba. Kina cha goti, hakuna kitu. Nikaanza kupumua. Kidogo tena, udongo ukabadilika rangi, na jembe likatoa sauti kama ya kukwaruza chungu. Makaa. Yalikuwa debe zima, meusi, magumu, kama yametoka jikoni jana. Juu kwenye njia napo tukachimba pale alipoonyesha, na makaa mengine yakatoka.

Mzee akakaa chini akatueleza, na alieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. Alipowauzia Lukasi na Serafina ardhi, walichimba mashimo mawili, wakafukia makaa wakiwa watatu. Ndivyo baba yake alivyofanya, na babu yake. Mkonge waliupanda juu yake ili uonekane kwa mbali. "Mkonge ni wa kuonea," akasema. "Mpaka ni makaa. Makaa hayaozi, mchwa hawayali, na hayatembei. Huo mkonge wenu umetembea."

Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa kwetu Bumbuli nimejifungua. Lukasi aliponipeleka shambani mara ya kwanza alininyooshea kidole tu, akasema mpaka ni ule mkonge.

Nikauliza mkonge unatembeaje. Mzee akaniuliza nani anapalilia upande huu. Nikasema mimi, miaka yote. Akauliza, nikikuta vitoto vya mkonge? Nang'oa. Na vya upande wa Serafina? Naviacha. Na mkonge mkubwa ukitoa mlingoti? Unakufa. Akauliza tena, taratibu, "Mama akifa, na watoto wa upande huu umewang'oa, mstari unabaki wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Husna hakucheka, wala Mwalimu.

Tukafunga kamba kutoka makaa ya chini mpaka makaa ya juu. Niliishika mwenyewe ncha moja, nikitamani iwe imelegea, nikitamani iwe imepinda. Ilikuwa imenyooka. Kutoka kwenye kamba mpaka kwenye mkonge ni hatua saba. Serafina alikuwa amechukua tatu. Nne zilizobaki, zake pia, nimezilima mimi miaka yote.

Na kaburi la Lukasi lilikuwa ng'ambo ya kamba. Si nusu yake. Lote.

Mume wangu alisema pembeni ya mkonge, upande wetu. Nikaufuata mkonge. Mwaka baada ya mwaka niliusukuma kwa jembe la palizi huku nikijisifu kwamba sigusi cha mwenzangu, kisha nikaenda kumzika Lukasi kwenye shamba la mtu mwingine. Mahali sita pameandikwa. Laana niliisoma kwa sauti yangu, na chumba kizima kikaniitikia amina.

Niliketi chini kwenye mahindi. Nilimuuliza Serafina kama siku ya mazishi, alipohesabu zile hatua, alijua. Akasema alijua alipofika kwenye shimo. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka minne nzima.

Akanijibu akiwa amesimama, hakuinama. "Siku ile ulikuwa unalia, wifi. Baada ya hapo ulikuwa unatukana."

Kumbe alichukua hatua zake tatu akaishia miguuni pa kaburi, kwa sababu mbele ya hapo asingeweza kulima bila kumpitia mdogo wake. Na Husna, nilipomshukuru kwa kulipalilia kaburi, maana sikujua niseme nini kingine, akanikazia macho. Akasema yeye hajawahi kuligusa.

Alhamisi, 29 Mei

Sikwenda.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia mwenyekiti wa kamati ya ardhi, nimefuta malalamiko. Akaniuliza sababu. Nikasema tumeelewana. Uongo. Hatujasemezana neno.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya mwisho. Mwalimu alitaka tumalize Ufunuo wote leo, kwa hiyo zamu zilizunguka mara moja na nusu. Nilikaa mlangoni, wa kwanza, nimalize mapema. Hakuna aliyenikalia jirani. Yule mama aliyemwambia Serafina ahame kiti leo alimletea mto.

Sura ya mwisho kabisa ilimwangukia Serafina. Kidole kikatembea. Mto wa maji ya uzima, mti wenye matunda kumi na mawili, mwezi kwa mwezi. Hakuna aliyepiga miayo, hata Rosina. Karibu na mwisho lipo onyo kwa mtu anayeondoa neno lolote, naye anaondolewa sehemu yake. Niliinamisha uso. Alipomaliza, wote wakasema amina. Ya kwangu ilichelewa, ikasikika peke yake.

Nilimsubiri nje. Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Jumamosi ile, nikiikata na kuishona upya, na ikanipotea yote. Nikasema tu kwamba mkonge nitaung'oa, na hatua zake saba achukue. Nikamwomba kaburi.

Akasema, "Kaburi ni la mdogo wangu, haliendi popote. Nitakuachia njia ya kupita kutoka kwako mpaka kwake." Akajifunga kitenge vizuri. "Ila ukifika mwanzo wa njia, na mimi nipo shambani, unisalimie kwanza."

Akaondoka. Nilisimama pale nimeudhika kiasi cha kutamani kurudisha malalamiko. Mjane aombe ruhusa kumwona mumewe!

Jumatatu, 9 Juni

Kwedizinga. Mahindi yameanza kubeba. Kwa Mzee Kibwana bado wanakula nyama ya Idi ya kuchinja. Nilipita mbali asije akanipigia kelele kuhusu kuku.

Nilifika na panga na sururu. Mkonge hautoki kirahisi, una miiba ya kuchoma macho na mizizi inayong'ang'ania. Mpaka saa sita nilikuwa nimeng'oa kumi na miwili, mikono imenivimba. Serafina alikuwa upande wake anavuna kunde. Alinitazama tangu asubuhi wala hakusaidia, na ingekuwa yeye anayeng'oa, hata mimi nisingemsaidia.

Kisha nikaweka panga chini nikaenda kwa Lukasi. Njia ameshaiweka. Amekata mistari miwili ya mahindi ya zile hatua nne, ambayo sasa ni yake, yakiwa bado hayajakomaa, akafagia, upana wa mtu mmoja. Inaanzia pale kwenye kamba na kuishia kichwani pa kaburi. Ni hatua chache sana.

Nilisimama mwanzoni. Alikuwa ameinama kwenye kunde, mgongo huo wake, karibu kiasi cha kusikia ninavyohema. Alijua kabisa nipo.

Nikasema, "Shikamoo, wifi."

Hakuitika. Alichuma kunde, akatia kapuni, akachuma nyingine. Jua lilikuwa utosini. Nilihesabu shikamoo ninazodaiwa: moja ya mwaka huu, moja ya mwaka jana, moja ya mwaka juzi, moja ya mwaka wa msiba. Nilijua anachofanya, na mimi katika nafasi yake ningechelewa zaidi. Miguu ilikuwa inaniambia nirudi. Sikurudi.

Alipojaza kapu ndipo aliponyooka, akajishika kiuno, akanigeukia.

"Marahaba," akasema. "Pita."

Bado simpendi. Nilipita.